Ndala za Friji

Jumanne saa nne asubuhi, nikiwa bado Nachingwea, nilimpigia simu Shangazi Hadija nikamwambia, "Shangazi, leo nakuja na jiko." Nilitaka kuongeza maneno lakini mtandao ukakata.

Kirikuu, kigari cha mizigo nilichokodi, ilipoingia Nkowe saa nane mchana, uwanja wa nyumba ya Bibi ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Mkeka mpya ulikuwa umetandikwa barazani. Wanawake sita au saba walisimama mlangoni na kanga zao nzuri, na mmoja wao alikwisha kupiga kigelegele kabla dereva hajazima gari.

Shangazi alichungulia mbele, kwenye kiti cha abiria. Akachungulia tena.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Si umesema unakuja na jiko?"

Nikamwonyesha nyuma ya gari. Pale, kati ya magunia mawili ya pumba, lilikuwa limefungwa kwa kamba jiko la umeme jeupe, plet nne juu na oveni chini.

Kosa lilikuwa langu. Nina miaka ishirini na sita na sijaoa. Nikisema nakuja na jiko, nani atafikiria bati na kioo? Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Bibi Mwanawetu ndiye pekee ambaye hakucheka. Aliinuka kwenye mkeka, akasubiri tulishushe, akalizunguka mara moja, kisha akagonga kioo cha oveni kwa kucha.

"Mke mwenzangu ana miguu minne na tumbo la kioo," alisema. "Haya, karibu nyumbani. Umemtolea mahari gani, mume wangu?"

Bibi huniita mume wangu tangu siku niliyopewa jina la babu, Jamali.

Nikamweleza kwamba sikutoa kitu. Mama Valentina, nesi mstaafu wa Nachingwea, alikuwa anahamia kwa watoto wake, na kwa kuwa nilimrekebishia umeme wa nyumba yake yote aliniambia nichague kitu kimoja humo ndani. Nilichagua jiko. Nilimfikiria Bibi na mkate wake wa kumimina, ambao huupika kwa makaa chini ya sufuria na makaa mengine juu ya kifuniko, akiinama kila dakika kupuliza, macho yakimtiririka. Oveni ina moto juu na moto chini. Nilidhani imeundwa na mtu aliyewahi kumwona Bibi akipika.

"Ni zuri," Bibi alisema. Halafu akauliza swali nililokuwa nalisubiri kwa woga. "Linachukua?"

Sharti nieleze kuhusu ndala.

Mlangoni pa chumba cha jikoni, nyumbani kwa Bibi, kulikuwa na ndala za bluu, kubwa, ya kushoto imetoboka kisigino. Zilikuwa ndala za friji, maana ukiigusa peku umeme ulikupiga. Aliyetaka maji baridi alizivaa kwanza, akafungua friji, akachukua maji, akafunga, akazivua na kuziacha pale pale. Mgeni aliambiwa habari za ndala kabla hajaonyeshwa choo. "Friji yetu inachukua kidogo," Shangazi alikuwa akisema, kama mtu anayesema kwamba mbwa wao hubweka lakini hang'ati. Na si kwetu tu. Nimeingia nyumba nyingi za Ruangwa na Nachingwea nikakuta ndala kama zile, na watu wamezizoea, wanadhani umeme ndivyo ulivyo.

Lakini masika ya mwaka juzi Bibi alitoka kuoga, miguu imelowa, akasahau. Friji ilimrusha mpaka ukutani. Siku mbili mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Tangu siku hiyo hakuigusa tena. Mwanamke aliyelima mikorosho yake mwenyewe na kulea watoto saba ilimbidi aombe maji ya kunywa katika nyumba yake.

Nilikuwa chuoni wakati ule, mwaka wa mwisho, nikisomea umeme. Nililia niliposikia, na sioni haya kusema.

"Halitachukua, Bibi," nilimjibu.

"Hata friji hii nilichomekewa nikaambiwa haitachukua." Alinitazama usoni. "Sikiliza, mume wangu. Ijumaa ni dua ya babu yako. Baada ya swala watu watakuja, na mimi nitapika mkate. Nitalishika jiko lako kwa mguu mtupu. Likining'ata hata kama sisimizi, litapanda gari lirudi lilikotoka. Na wewe usiniambie tena kwamba umesoma."

Nilisema sawa. Leseni yangu ya kufunga umeme ilikuwa na mwezi mmoja tu, na kwa Mama Valentina nilirekebisha tu; hii ilikuwa kazi ya kwanza ambayo ningeiandikia jina langu. Mwalimu wetu Fidelis alitufundisha kwamba fundi huandika jina na tarehe ndani ya mlango wa kibao cha umeme, kile kisanduku cha breka, na asiandike mpaka awe tayari mama yake aishike kazi hiyo akiwa peku. Mimi mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Niliye naye ni Bibi.

Jumatano asubuhi, kabla sijafungua hata skrubu moja, Fundi Dickson alifika na baiskeli yake. Ni mtu wa makamo, ndiye aliyefunga umeme katika nyumba karibu zote za kitongoji chetu, yetu ikiwemo. Alisimama mlangoni pa chumba cha jikoni akavaa ndala za bluu bila hata kuzitazama.

"Nasikia humu ndani kuna injinia."

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, dogo. Sasa unahangaika nini? Chomeka kwenye soketi ya friji, bibi apike."

"Fundi, plet zote zikiwaka pamoja na oveni ni kama pasi saba kwa mpigo. Wewe ungechomeka pasi saba kwenye soketi moja?"

"Pasi saba za nini? Bibi ana nguo ngapi?"

Shangazi Hadija akacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilikuwa na hasira moyoni, na hasira yangu ilikuwa juu yake. Kila nilipoziona zile ndala nilijisemea kwamba huyu ndiye aliyemrusha bibi yangu ukutani.

Nikaanza kazi. Nilikagua waya mkubwa unaotoka kwenye mita nikaridhika kwamba unabeba. Nikazima swichi kuu, nikapima kuhakikisha umeme umekata kweli, nikapima tena, ndipo nikagusa. Jiko nililipa njia yake peke yake: waya mnene wa milimita sita kutoka kwenye kibao mpaka ukutani, ndani ya paipu, na breka yake ambayo haitumiki na kitu kingine. Swichi yake kubwa nyekundu niliiweka pembeni, si juu ya plet. Mafuta yakishika moto, mtu asipitishe mkono juu ya moto ili kuzima moto. Nyuma ya jiko nilibakiza waya wa kutosha ili Shangazi aweze kulivuta afagie. Nilikaza kila skrubu, nikauvuta kila waya kwa mkono kuona kama utachomoka.

Dickson hakuondoka. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akitazama. Mara moja alinipa plaizi kabla sijaiomba.

Friji niliigeuza. Nyuma, karibu na mota, panya alikuwa ametafuna waya mpaka shaba ikawa inagusa bati. Nikaukata na kuweka mpya. Lakini panya peke yake hawezi kumrusha mtu. Umeme ukigusa bati unatafuta njia ya kushuka ardhini, na nyumba iliyofungwa vizuri imeandaliwa njia hiyo: waya wa kijani na njano, ambao mafundi tunauita ethi, unatoka kwenye kibao mpaka kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa chini. Njia hiyo isipokuwapo, umeme unamsubiri mtu. Unamfanya yeye ndiye njia.

Nikaufuata ule waya nje, kona ya nyumba ya upande wa choo, nikachimba. Kwa kina cha kiganja mwisho wake ukatokea, umekatika, haukufungwa popote. Fimbo haikuwapo.

Majirani walikuwa wamejaa tena, kama kawaida penye shimo. Nilisimama na ule waya mkononi. Najua sasa kwamba nilipaswa kuzungumza na mtu mzima pembeni. Lakini nilisema kwa sauti, mbele ya wote:

"Fundi Dickson, hukuweka ethi rodi."

Alisimama. Uso wake ulibadilika kabisa.

"Unasemaje?"

"Haipo. Waya umeishia kwenye udongo mtupu. Ndiyo maana friji inachukua, ndiyo maana Bibi alirushwa."

"Haki ya Mungu niliiweka!" Sauti yake ilikatika. "Fimbo ya shaba, ndefu hivi, niliifuata Ruangwa kwa baiskeli. Niliichimbia hapo hapo, nikamwagia chumvi na mkaa ili udongo ushike umeme. Dogo, mimi sijasoma kama wewe, lakini sijawahi kumdanganya mtu."

Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema kumbe hata friji yake inachukua, na aliyemfungia ni huyo huyo. Dickson aliokota baiskeli yake.

Nikachimba tena kwa jembe, zaidi kwa kumkomoa. Udongo ukatoka na vipande vyeusi. Mkaa. Mkaa mwingi, uliopondwapondwa, kama alivyosema.

Nilipoinua kichwa nilimwona Bibi barazani. Alikuwa amejifunika kanga mpaka kidevuni, saa saba mchana, jua linawaka.

"Mume wangu," aliita. "Njoo ndani."

Alifunga mlango wa chumba chake. Alianza kwa Kiswahili, halafu akahamia Kimwera, lugha anayoisema akiwa na jambo zito.

Aliniambia kwamba wiki chache baada ya umeme kuwashwa, alikuwa anapanda kisamvu kwenye kona ile, jembe likagonga kitu. Akachimbua. Akakuta shaba. Akakuta chumvi. Akakuta mkaa. Vyote vimefukiwa kwenye kona ya nyumba yake, na hakuna aliyemwambia.

"Ungefikiria nini?" aliniuliza.

Ningefikiria hicho hicho. Hapa kwetu mtu akifukia vitu kwenye kona ya nyumba yako, ama anailinda, ama anaitaka roho yako. Na wanaolinda huitwa na mwenye nyumba. Hawa hakuwaita.

"Mwaka ule babu yako alikuwa mgonjwa," aliendelea. "Nikajua nimepata sababu. Nikaukata ule waya kwa panga, nikaitumbukiza ile shaba kwenye shimo la choo cha zamani, nikasoma dua, nikanyamaza. Babu yako akafa hata hivyo. Nikasema labda nilichelewa." Akavuta pumzi. "Miaka yote hii nilikuwa namtazama kila jirani nikijiuliza ni nani. Kumbe ni Dickson, anatufungia umeme."

Nilimshika mkono, ule wa kulia.

"Wasijue," alisema. "Funga hiyo kazi yako, tuseme imeibiwa. Wezi wa shaba si wapo?"

Nilimpenda Bibi kuliko mtu yeyote, na kitu alichoniomba kilikuwa kidogo. Lakini dirishani nilimwona Dickson akiisukuma baiskeli yake taratibu, kichwa chini, na watu wakimpisha bila kumsalimu.

"Bibi," nilisema, "nimemvunjia heshima mtu asiye na kosa. Mimi nitamwomba radhi. Lakini watu hawataniamini mimi. Watasema namwonea huruma."

Bibi akajifunga kanga yake upya, kiunoni, kama anayekwenda shamba, akafungua mlango.

"Dickson!" aliita toka barazani, kwa sauti ile ya zamani ya kuita watoto kutoka mikorosho. "Rudi hapa! Mwizi wako ni mimi."

Akaeleza yote, amesimama, mbele ya watu wale wale. Shaba, chumvi, mkaa, panga, choo. Aliposema "nilidhani nimerogwa" sauti ilimtoka ndogo, lakini aliisema. Nilitazama nyuso za watu. Hakuna aliyecheka, maana kila mmoja alikuwa anajiuliza angefanya nini yeye.

Nami nikamwendea Dickson nikamshika mkono kwa mikono miwili. "Fundi, nisamehe. Nilisema kabla ya kupima."

Alinitazama, akamtazama Bibi. "Sasa bibi," alisema hatimaye, "mimi nikutake roho ya nini, na ulikuwa hujanimalizia hata ule mkate ulioniahidi?"

Hapo ndipo watu walipocheka, na Bibi akacheka mpaka akajifuta macho na pindo la kanga.

Alhamisi tulifanya kazi wawili. Nilikuja na fimbo mpya mbili za shaba, na kipimo cha ardhi nilichoazima kwa Mwalimu Fidelis. Tulipigilia ya kwanza kwenye kona ile ile. Udongo wa kiangazi ulikuwa mkavu kama unga, na kipimo kikasoma mia mbili na zaidi, namba kubwa mno: udongo ulikuwa unaukataa umeme. Nikaanza kuhesabu kichwani. Dickson akanigusa bega.

"Ya pili tusiweke hapo. Weka kule maji ya bafu yanakotokea. Pale hapakauki mwaka mzima, hata migomba inajua."

Tukaipigilia kule mpaka ikazama yote, tukaziunganisha. Namba ikashuka hadi thelathini na nane. Nilimkumbatia. Chuoni hawakunifundisha bafu la Bibi linamwaga maji wapi.

Bibi alikuja na kibakuli cha chumvi na ungo wa mkaa alioutwanga mwenyewe. Hakukubali mtu mwingine amwage. Alisema bismillahi, akamwaga, akafukia kwa mguu.

"Sasa hii nimeiweka mimi," alisema. "Atakayeichimbua atanikuta."

Kwenye kibao nikafunga kifaa kimoja zaidi, ambacho hakikuwapo tangu mwanzo: kinachokata umeme wote mara tu ukianza kuvuja hata kidogo, kabla moyo wa mtu haujaumia. Kina kitufe cha kujaribia. Nilimwomba Dickson abonyeze. Tap! Nyumba nzima ikazimika.

"Hiki sikukijua wakati ule," alisema polepole. Akakirudisha, akabonyeza tena, kama mtoto. Kisha akasema, "Jumamosi twende kwa jirani yenu Mwantumu. Friji yake inachukua."

Sikutaka Bibi awe kipimo. Nilipima bati la jiko na la friji kila upande, plet zikiwaka na zikiwa zimezimwa. Nikavua viatu, nikamwaga maji sakafuni, nikasimama juu yake na kugusa kwa nyuma ya kidole. Kisha Dickson akafanya hivyo hivyo. Ndipo nikachukua kalamu ya wino mzito, nikafungua mlango wa kibao, na ndani yake nikaandika tarehe na majina mawili, la Dickson kwanza.

Ijumaa baada ya swala nyumba ilijaa. Bibi alikuwa ameshaumua unga wa mchele na nazi tangu alfajiri, iliki ikinukia hadi barazani. Alifika mlangoni pa chumba cha jikoni akasimama penye ndala za bluu. Watu walijipanga nyuma yake. Niliona vidole vyake vya miguu vikikunjana kwenye sakafu ya saruji, vyenyewe tu, kwa kumbukumbu.

Akaziruka ndala.

Akaweka kiganja chote juu ya bati la jiko. Si kidole. Kiganja. Akakiacha hapo. Nilihesabu mpaka kumi na moja.

"Ee," alisema. "Limelala kama paka."

Vigelegele vikapigwa, vile vile vilivyokatishwa Jumanne. Lakini Bibi hakugeuka. Alivuka jikoni, akafika kwenye friji, akashika mpini kwa mkono wa kulia, akafungua. Akachukua chupa ya maji, akamimina kwenye glasi, akanywa yote akiwa amesimama, mguu mtupu, katika nyumba yake. Shangazi Hadija aligeukia ukuta. Mimi sikuweza kugeuka popote, machozi yalikuwa yamenijaa na nilikuwa nimesimama wima kama mtu anayepewa cheti.

Mkate ulitoka saa kumi, umepanda, juu kahawia, chini kahawia, bila jivu hata chembe. Kipande cha kwanza Bibi alimpelekea Dickson.

"Deni lako," alimwambia.

Mgeni mmoja kutoka Matambarale, aliyechelewa na hakuona lolote, aliuliza ni nani aliyefunga jiko zuri namna ile.

"Mafundi wangu," Bibi alijibu. "Huyu aliniwekea ethi, na huyu mume wangu ameniletea mke mwenza. Tunaelewana naye vizuri sana."

Jioni, wageni walipoondoka, Shangazi alizikuta ndala za bluu bado zipo mlangoni. Aliziokota kwa vidole viwili, akaniuliza azitupe.

"Zina kosa gani?" Bibi alisema kutoka jikoni. "Zipeleke bafuni, zikafanye kazi ya ndala."